Konsole: teminali inayofuta kwelikweli

Kwa kompyuta inayotumiwa na watu tofauti kutwa nzima, sijapata teminali (dirisha la kuandikia amri) inayonifaa kama Konsole ya KDE, mradi wa programu huria. Ni ya bure, na ukiweka Kubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, unaikuta imo tayari. Nina chumba cha kompyuta Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Wanachuo huja kufanya mazoezi ya Linux. Huyu akiinuka, yule anakaa.

Wengi wakimaliza hubonyeza Ctrl+L, wakiona skrini tupu wanaondoka. Kumbe mistari ya nyuma bado ipo! Anayefuata akizungusha gurudumu la mausi anaona anwani za seva, majina ya watumiaji, na nywila iliyoandikwa ndani ya amri. "Kaka, hii nywila ni ya nani?" kijana mmoja aliniuliza, na mwenyewe alikuwa ameshapanda daladala.

Kwenye Konsole dawa yake ni Ctrl+Shift+K. Skrini inafutwa, mistari yote ya nyuma inafutwa, na teminali inarudi katika hali yake ya kawaida. Hilo la mwisho nalipenda sana, maana kuna anayefungua picha kwa amri ya cat, ambayo ni ya kusomea maandishi, na herufi zote zinageuka vimbwanga.

Mtu atasema amri ya clear inatosha. Matoleo ya siku hizi kweli hufuta hadi mistari ya nyuma (ukitaka ibaki, andika clear -x). Lakini ukiwa umeingia kwenye seva kwa ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali), clear inayofanya kazi ni ya seva ile, na ikiwa ni ya zamani itasafisha skrini tu. Ctrl+Shift+K ni ya Konsole yenyewe, haijali seva ina umri gani. Ila ndani ya tmux, programu ya kuendesha teminali kadhaa ndani ya moja, haifiki: tmux ina kumbukumbu yake, nayo hufutwa kwa tmux clear-history.

Kasoro ninayoiona ni kwamba Ctrl+Shift+K haiulizi "una uhakika?" Ukibonyeza, matokeo yamekwenda. Pia, kwenye mipangilio ya mistari ya nyuma inayotunzwa, usichague isiyo na kikomo kwenye kompyuta ya wengi, kwa sababu Konsole huihifadhi kwenye diski. Mimi nimeacha mistari 1000 iliyokuja nayo.

Na amri zenyewe zinabaki kwenye bash, programu inayopokea amri na kuzikumbuka, kwa hiyo kabla ya kuinuka nawaandikisha history -c, kisha history -w, ili zifutike. Nyota nne kati ya tano.