Bomba kuvuja ndani ya ukuta wa nyumba mpya: nilivyohudumiwa na wapima mabomba hapa Arusha

Nyumba yetu ya Moshono haijamaliza hata mwaka tangu tuhamie, na tayari rangi ya korido ilianza kuvimba kule chini, karibu na soketi. Ukiipangusa inabaki na unga mweupe mkononi. Bili ya maji nayo ikapanda karibu mara mbili, na bustani hatuna.

Kila fundi niliyemwita alikuja na lake. Wa rangi akasema ni baridi ya Juni, plasta haijakauka. Wa ujenzi akasema maji yanapanda kutoka kwenye msingi, akataka kutindua ukuta wote wa korido. Hilo halikuniingia akilini: unyevu wa msingi hutambaa ukuta mzima na huzidi wakati wa masika, ila wa kwetu uling'ang'ania sehemu moja mvua zikiwa zimeshaisha. Wa tatu alifika na nyundo na tindo, akawa tayari kubomoa marumaru za bafuni kwa kubahatisha. Nikamzuia.

Ndipo jirani akanielekeza kwa vijana wa mjini wanaopima mabomba kwa vifaa. Walichelewa kufika, na kwa bei yao sikutarajia kusubirishwa. Lakini kazi waliyofanya imenifurahisha sana. Kiongozi wao alinisalimia, akasema, "Mama, leo hatugongi kitu mpaka tujue maji yanatokea wapi."

Walianzia kwenye mita. Koki zote za ndani zimefungwa, na bado kile kigurudumu kidogo cha mita kinazunguka taratibu. Wakafunga koki ya kutokea tanki la juu. Tanki likajaa, boya likafunga, kigurudumu kikasimama. Kwa hiyo bomba la kutoka barabarani ni zima na boya ni zima. Maji yanapotelea ndani ya nyumba.

Kisha wakatenga laini mbili, ya baridi na ya moto, kwa kufunga koki za hita. Wakaunga pampu ya mkono yenye geji na kuijaza presha laini ya baridi hadi bar 8, tukaiacha nusu saa. Mshale haukutikisika. Walipohamia laini ya moto, mshale ulishuka tukiuangalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeinama pale, na nikajua ukuta wa korido hauna kosa lolote.

Kifaa cha kusikiliza sauti ya maji yanayovuja hakikusaidia, kwa sababu jirani alikuwa anakata nondo kwa grinda. Afadhali kuwaita jioni au Jumapili. Kilichomaliza kazi ni kamera ya joto: wakawasha hita, wakarudisha maji ya moto kwenye laini, na baada ya muda doa jekundu likajitokeza kwenye kioo cha kamera, nyuma ya shawa, chini kidogo ya koki. Kutoka hapo maji yalikuwa yanashuka, yanapita chini ya marumaru na kuibukia koridoni, upande wa pili kabisa.

Walikata marumaru mbili tu. Nikaonyeshwa kiungo chenyewe: kiwiko cha bomba la PPR, yaani la plastiki linalounganishwa kwa kuyeyushwa, ambalo halikuingia hadi mwisho, na ule mviringo wa plastiki iliyoyeyuka umezunguka nusu tu. Kijana akanieleza kwamba mashine ya kuchomelea inatakiwa ifikie nyuzi joto 260, bomba la milimita 20 lipashwe sekunde 5, kisha lisukumwe moja kwa moja bila kuzungushwa. Siku za ujenzi umeme ukiwa unakatika, au fundi akiwa na haraka, kiungo kinashika juujuu. Maji baridi kinaweza kuyavumilia. Maji ya moto yanakilegeza.

Wakabadilisha kiwiko, wakapima presha tena kabla ya kuziba, mshale ukabaki pale pale. Hiki ndicho kipimo ambacho kila anayejenga anapaswa kukidai kabla plasta haijapigwa, naye awepo aione geji kwa macho yake. Kwetu hakikufanyika, na inaniuma kwa sababu kazi yenyewe ni ya asubuhi moja.

Kupima kulinigharimu shilingi 180,000, na kubadilisha kiwiko 60,000. Marumaru na rangi ni juu yako, hilo walisema mapema. Picha za kamera wanatuma ukiomba. Ziombeni, maana ndizo nilizompelekea aliyetujengea na akakubali kugharamia rangi ya korido. Nauli ni pembeni: kufika Moshono nililipa 20,000, kwa hiyo walioko Usa River au Ngaramtoni waulize kwanza.