Pikapu inapiga stata lakini haiwaki: uzoefu wangu na skana ndogo ya Bluetooth

Hii skana ya kusoma kompyuta ya gari ninayo mwezi wa nne sasa, ni ile ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani halafu unasomea kwenye simu. Sikuinunua kwa mipango, niliinunua kwa hasira. Pikapu yangu ya petroli, silinda 4, ilikuwa imelala siku ya tisa, ukipiga stata injini inazunguka vizuri tu, nguvu ipo, wala sio betri, ila kuwaka ndo haitaki.

Ugonjwa wenyewe haukuja siku moja. Ulianza kidogo kidogo, nikipita barabara mbovu injini inakata sekunde moja halafu inarudi, na kile kimshale cha mzunguko kinaanguka hadi sifuri ghafla wakati gari bado inatembea. Ningekuwa najua hapo pekee pangenitosha. Mi nikaona ni uzee wa gari nikaendelea na safari zangu, baadaye ikawa nikiizima ya moto haiwaki mpaka ipoe, na mwisho ikagoma moja kwa moja.

Fundi akaja, akainama kwenye tenki, akasema washa swichi, hakusikia kitu, akasema pampu imekufa. Sasa pampu ukiwasha swichi inalia sekunde kama 2 tu inanyamaza, na pale tulipokuwa kulikuwa na kelele, lakini nani wa kubishana na fundi ukiwa umekwama. Tenki likashushwa, pampu mpya ikaingia, stata ikapigwa, kimya. Hapo ndo akaanza kusema basi itakuwa kompyuta ya gari. Nikamwambia kaka asante, tuishie hapa kwanza.

Basi skana ikafika, nikachomeka, nikafungua programu kwenye simu, ikasoma kodi moja tu, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta ya gari: P0171, yaani mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Nikacheka kwa uchungu, nikasema kumbe fundi alikuwa sahihi, ni mafuta. Nusu niangalie mpaka mipira ya mafuta. Kilichoniokoa ni kukaa nikafikiria vizuri, hiyo kodi gari inaiandika injini ikiwa inawaka na ishapata moto, maana inategemea sensa ya eksozi, sasa injini ambayo haijawaka siku tisa imeiandika saa ngapi? Ni ya zamani, ilikaa tu kwenye kumbukumbu. Nikaifuta, nikapiga stata tena, nikasoma: hakuna kodi hata moja. Na hapa wengi ndo wanairusha skana kwenye droo wanasema ni mbovu.

Kumbe utamu wake haupo kwenye kodi, upo kwenye ile sehemu ya kuangalia namba zikienda laivu. Nikachagua vitu vitatu tu. Volti ya betri: 12.4 ikiwa imetulia, na nikipiga stata inashuka hadi 10.3, hiyo ni nzuri, ikishuka chini ya 9.6 hivi ndo uanze kushuku betri au nyaya zake. Joto la maji: linafanana na joto la hewa inayoingia, injini baridi inatakiwa iwe hivyo, maana sensa ya joto ikidanganya kompyuta inamwaga mafuta kupita kiasi au kuyabana. Cha tatu mzunguko wa injini, na hapo ndo nilipoganda. Stata inazunguka naisikia kwa masikio yangu, skrini inasema 0. Kawaida wakati wa stata unatakiwa uone kama mizunguko 150 hadi 250 kwa dakika. Kompyuta isipojua injini inazunguka haitoi moto kwenye plagi wala haifungui nozeli za kupulizia mafuta, unaweza ukabadilisha pampu hata kumi.

Ila sikuiamini mara ya kwanza, na hili ni lalamiko langu kubwa kwa hii skana: volti ikishuka wakati wa stata mara nyingine Bluetooth inakata, namba inabaki imeganda pale ilipokuwa, wewe unadhani ni sifuri kumbe ni picha ya zamani. Ilibidi nichaji betri ijae, halafu nipige stata sekunde kama 6 huku nikiangalia volti nayo inacheza, ndo nijue data inaingia kweli. Mzunguko ukabaki 0.

Nikanunua sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Nikaifunga. 0 vilevile!

Sitasema nilichotamka. Ila hapo nikaelewa kwamba skana imeniambia taarifa haifiki, haijaniambia inapotelea wapi. Inaweza kuwa sensa, inaweza kuwa plagi ya waya, waya, hata kompyuta yenyewe. Nikachukua mita ya umeme, nikachomoa plagi upande wa sensa na upande wa kompyuta, nikapima ule waya wa taarifa na bodi ya gari, mita ikalia piii. Waya umegusa bodi. Nikaufuata kwa tochi na kidole mpaka karibu na eksozi, kuna kishikizo kimekatika, nyaya zimelala juu ya bomba, ganda limeyeyuka, chuma kwa chuma. Ndo maana ilikuwa inakata kwenye mashimo na ikipata moto. Nikaunganisha upya, nikavisha bomba la kuzuia joto, nikafunga mbali na eksozi. Kupiga stata nikaona 210 kwenye simu, na kabla sijaachia ufunguo ishawaka.

Mapungufu mengine sasa. Haisomi mfumo wa ufunguo, ule wa kuzuia wizi, kwa hiyo kama kile kitaa cha ufunguo kinapepesa kwenye dashibodi na injini inazunguka bila kuwaka, hii haitakusaidia, tafuta mwenye mashine kubwa. Ukiiacha imechomekwa inanyonya betri taratibu, mi nachomoa kila jioni. Wa iPhone soma vizuri kabla ya kununua, nyingi za Bluetooth ya kawaida zinakubali Android tu, mnatakiwa mchukue ya Wi-Fi au ile Bluetooth mpya. Na ile programu ya bure inatosha kabisa kwa kazi hii, matangazo yake ni kero lakini mzunguko, volti na joto vyote vipo.

Wenye dizeli nao, presha ya mafuta kwenye reli, lile bomba la pamoja linalogawia nozeli mafuta, wakati wa stata ndo namba ya kutazama kwanza, kama injini yako ni ya reli na inaitoa. Na tafadhali hiyo spray ya kuwashia msipulize kwenye injini yenye plagi za joto, zile za kupasha dizeli kabla ya kuwaka, inaweza kulipuka ndani ya njia ya hewa.

Naipa nyota 4 kati ya 5, moja nimeikata kwa ajili ya ile Bluetooth.

Na ile pampu ya zamani sikuitupa. Juzi nikaunganisha nyaya zake kwenye betri sekunde mbili tatu hivi nione. Inazunguka safi.