Injini mpya kwenye Wheel Horse ya marehemu baba: uzoefu wangu, Bombo

Trekta dogo la Wheel Horse C-120 aliloniachia marehemu baba limerudi kazini. Wiki ya sita sasa linakata nyasi za kiwanja na kuvuta tela la majani ya ng'ombe. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mashine kama hii iliyolala chini ya mwembe, wanaoshauriwa kila siku waiuze chuma chakavu. Msiiuze.

Injini yake ya kuzaliwa ilikuwa Kohler K301 ya nguvu farasi 12. Nimeibadilisha ringi mara mbili. Safari hii mkono wa pistoni ulikatika ukatoboa bloku, basi.

Nikachagua 188F ya Kichina, iliyoigwa kutoka Honda GX390: ujazo wa cc 389, nguvu farasi 13. Muuzaji wa kwanza Kampala aliniapia kwamba itaingia. Fundi wangu alipoiona shafti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hajji, hii imechongoka kama karoti. Ni ya jenereta." Na kweli. Injini hizi zinafanana kwa nje, lakini shafti iliyochongoka ni ya jenereta, yenye nyuzi za kukazia ni ya pampu ya maji. Puli ya trekta inataka iliyonyooka, yenye mfereji wa kii, kile kipande cha chuma kinachozuia puli isiteleze kwenye shafti. Hata hiyo iliyonyooka ipimeni kwa kalipa kabla ya kulipa, kwa sababu ziko za milimita 25 na ziko za inchi moja kamili, yaani 25.4. Kubadilishiwa kulinigharimu shilingi laki mbili za ziada, na iliniuma sana.

Injini ya pili ilikuwa sawa, ila shafti ya Kohler ni nene zaidi, inchi moja na moja ya nane, kwa hiyo puli ya zamani ilicheza. Ikabidi tuchonge bushi, yaani kibomba cha chuma cha kujaza nafasi kati ya shafti na puli. Ile ya kwanza ilichongwa haraka haraka, tundu likakaa pembeni kidogo, na mkanda ukaruka kabla sijamaliza mstari wa pili wa nyasi. Nikaenda Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala. Fundi wa huko alikataa vipimo nilivyoandika kwenye karatasi, akataka puli na injini vyote mbele yake. Ukuta wa bushi ile ni milimita moja na nusu hivi, huwezi kuikadiria kwa jicho. Alitumia asubuhi nzima, na puli ikazunguka imetulia kabisa. Huyu nampa alama zote.

Matundu ya kufungia hayakulingana, tukaweka bamba la chuma kati. Ekzosi tuliigeuza isichome boneti.

Kwenye waya muwe waangalifu. Kohler yangu ilizimika kwa kukatiwa umeme wa betri kwenye koili. Hii mpya inazimika waya wake wa kuzimia ukigusishwa bodi, yaani chuma cha injini au trekta. Ukiuunganisha waya huo na betri kupitia swichi ya zamani, umeunguza koili mpya.

Jingine ni uzito. Kohler tuliinyanyua watu wawili tukihema, hii fundi aliibeba peke yake. Siku ya kwanza kupanda kilima na tela lililojaa, magurudumu ya mbele yaliinuka. Nimefunga vyuma viwili vizito kwenye bampa, na sasa mbele hapanyanyuki tena.