Dawa za vimelea kwa samaki wa maji chumvi: ununue ipi kwanza?

Ukiona samaki wanajikwaruza kwenye mawe na mapezi yametapakaa chembe nyeupe mithili ya chumvi, unatamani kununua chupa ya kwanza utakayoiona. Subiri kidogo. Pesa ya kwanza ni ya tangi la pembeni la kutibia: lita 40 hadi 80, hita, vipande viwili vitatu vya bomba la plastiki vya kujifichia, na kichujio cha sifongo kilichokwisha kukaa wiki kadhaa kwenye tangi kubwa kikashika bakteria wake wanaosafisha maji. Usiweke mchanga wala mawe, maana hunyonya dawa. Na tangi kubwa usilitie dawa kabisa kama lina viumbe wengine. Shaba inayomponya samaki ndiyo inayoua kamba, konokono na matumbawe.

Kisha mjue adui. Zima taa ya tangi, mulika tochi kwa ubavu. Chembe unazoweza kuzihesabu ni ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon. Ukiona vumbi laini la dhahabu, samaki anahema mbio na kung'ang'ania mkondo wa pampu, huyo ni Amyloodinium, naye huua ndani ya siku chache. Ute mzito unaomenyeka vipande vipande, hasa kwa wale samaki wa rangi ya chungwa wanaoishi na anemoni, ni dalili ya Brooklynella. Macho yakiwa na ukungu na samaki anatikisa kichwa, shuku minyoo bapa.

Namba 1: dawa ya shaba, pamoja na kipimo chake. Naiweka juu kwa sababu inatibu madoa meupe na Amyloodinium pia, na hayo mawili ndiyo yanayotumalizia samaki. Lakini elewa inavyofanya kazi. Kimelea aliyejichimbia chini ya ngozi shaba haimfikii. Aliyejifungia kwenye kifuko chake chini ya tangi, vilevile haimfikii. Inamuua pale tu anapotoka na kuogelea akitafuta samaki wa kumng'ata. Kwa hiyo kiwango kikishuka siku moja tu, kundi zima linapita, na unaanza kuhesabu upya. Tibu siku 30 bila kukatiza.

Shaba ya kawaida hutakiwa iwe miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita. Ile iliyofungwa kikemikali hutumika kwa kiwango cha juu zaidi, kwa hiyo fuata lebo na ununue kipimo kinachoendana na aina yako. Chukua kipimo cha kielektroniki kinachotoa namba. Mimi nilianza na kile cha kulinganisha rangi, nikawa nasimama dirishani na kichupa mkononi, buluu hii au ile, mwishowe nakisia. Samaki wawili nilowapenda sana walikufa kwa kukisia kwangu. Tena, ukiwa na shaba majini usiongeze dawa ya kuondoa amonia, yaani sumu inayotokana na uchafu wa samaki. Baadhi yake huigeuza shaba kuwa sumu kali. Badilisha maji, rudisha dozi, pima tena.

Namba 2: ndoo mbili na saa. Kwa madoa meupe peke yake, hamisha samaki kila baada ya saa 72, mara nne, kwenye chombo safi kilichokauka kabisa. Kimelea anadondoka, samaki anaondoka kabla kifuko hakijapasuka. Hakuna dawa, na samaki wasiovumilia shaba wanapona vizuri. Amyloodinium hukimbia kasi kuliko ratiba hii, kwa hiyo usiitumie kwake.

Namba 3: prazikwanteli, ileile inayotibu kichocho kwa binadamu. Ni ya minyoo bapa tu, na ni laini kwa samaki. Rudia dozi baada ya siku chache, kwa sababu mayai hayafi.

Namba 4: refraktometa, kifaa cha kupimia chumvi, ili uishushe chumvi ya maji hadi uzito linganifu wa 1.009. Madoa meupe hufa, Amyloodinium haijali. Kifaa kikikosea kidogo tu, umepoteza wiki nzima, hivyo kirekebishe kwa maji maalumu ya kipimo kabla ya kuanza.

Formalini ni ya Brooklynella, kwa kuogesha muda mfupi, pampu ya hewa ikivuma na glavu mkononi. Inaumiza mapafu na inahusishwa na saratani, kwa hiyo nainunua nikiwa sina njia nyingine.

Chupa zinazoahidi kutibu kila kimelea bila kudhuru matumbawe, ziache dukani. Kitunguu saumu pia: huenda kikamfanya samaki ale, lakini hakitamuua kimelea.

Wakati samaki wako karantini, tangi kubwa libaki bila samaki hata mmoja, ili kimelea aliyebaki humo akose wa kumng'ata. Wafugaji wengi huhesabu siku 76, matumbawe yakiendelea kuishi humo. Nunua pia wavu wa pili na uandike SHABA kwenye mpini wake kwa kalamu isiyofutika, usije ukauchovya kwenye tangi kubwa.