Oili ya 2T kwenye dizeli: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Kama una Hiace yenye injini ya dizeli ya 3L, Hilux ya 5L au Land Cruiser ya 1HZ, bila shaka umeshaambiwa: kila ukijaza tangi, mimina na oili ya 2T, yaani ile ya injini za viharusi viwili, pampu ya dizeli itadumu. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba unawafanya watu wanunue cha tatu kabla ya cha kwanza. Hapa nimevipanga vitu vinavyouzwa au kupendekezwa kwa ajili ya kulainisha pampu na nozo (vinyunyizio vya dizeli kwenye injini), kuanzia kinachostahili pesa yako hadi kile ambacho hata ukipewa bure ukatae.

Tuelewane kwanza kuhusu pampu. Magari niliyoyataja yana pampu ya mzunguko, ile mafundi wanayoiita VE. Haina oili yake. Sehemu zake za ndani, yaani rola, sahani ya kamu na plunja (kijiti kinachosukuma dizeli), vyote vinalainishwa na dizeli ile ile inayoelekea kwenye nozo. Malori mengi ya zamani yana pampu ya mstari ambayo kamu yake inalowa oili ya injini, kwa hiyo hayaathiriki haraka hivyo. Mwenye VE ndiye anayepaswa kujali zaidi.

Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, kutoka 500. Wengi wakasema salfa ndiyo ilikuwa inalainisha, na sasa imeondolewa. Si salfa yenyewe. Kiwandani salfa huondolewa kwa hidrojeni, kwenye joto na shinikizo kubwa, na kazi hiyo huondoa pia viambata vya oksijeni na nitrojeni, ambavyo ndivyo vinavyong'ang'ania chuma na kuweka utando. Sweden waliliona hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990, pampu zilipoanza kufa baada ya dizeli safi kuingia sokoni. Ndipo kampuni za mafuta zikaanza kuongeza kilainishi kabla dizeli haijafika sheli, na kukawekwa kipimo chake: kijipira cha chuma husuguliwa juu ya kisahani ndani ya dizeli ya nyuzi 60 kwa dakika 75, halafu kovu lililobaki kwenye kijipira hupimwa kwa darubini. Ulaya kovu lisizidi maikroni 460 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), Marekani 520. Kovu likiwa dogo, dizeli inalainisha vizuri.

Maana yake ni kwamba dizeli halali inakufikia ikiwa imeshatiwa kilainishi. Balaa la pampu zetu mara nyingi linatokana na mafuta yaliyochakachuliwa na maji.

1. Dizeli ya kuaminika na filta halisi

Najua ulikuja kusoma habari za chupa. Lakini hakuna chupa inayorekebisha dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ni mepesi na makavu, na pampu ya VE ikiyanywa mfululizo inasagika. Serikali zetu zinalijua hili: Tanzania, kupitia EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji, na Kenya ilipandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyo hiyo. Jaza kwenye sheli inayouza sana, ambako mafuta hayalali tangini wiki nzima. Usijaze wakati lori linashusha mafuta, kwa sababu maji na uchafu wa chini ya tangi la sheli vinakuwa vimetibuka. Na dizeli ya madumu pembeni mwa barabara iache, hata bei ikikuvutia vipi.

Kisha filta. Nunua ile halisi ya gari lako, kwa muuzaji anayekuandikia risiti, ingawa ile ya bei ya chee inafanana nayo kwa rangi na hata kwa boksi. Chungulia ndani kabla ya kulipa: mikunjo ya karatasi iwe mingi, imelingana na imegundishwa vizuri, na ringi ya mpira iwe laini, isiwe na nyufa. Chini ya filta za Toyota hizi kuna koki ya kutolea maji. Ifungue kidogo, kinga kwenye chupa nyeupe, iache chupa itulie. Maji yatajitenga chini na dizeli itaelea juu. Ukiyaona, endelea kutoa mpaka itoke dizeli tupu, na fikiria upya ulikojaza mara ya mwisho. Pampu iliyouawa na maji ikifunguliwa inajieleza yenyewe: plunja ambayo ingetakiwa kung'aa kama kioo ina madoa ya kutu, na kutu hiyo ikishachimba chuma haifutiki. Oili ya 2T haitoi maji kwenye dizeli.

2. Kilainishi kilichotengenezwa kwa ajili ya dizeli

Hiki ndicho ningenunua kama ningekuwa natafuta chupa. Ila soma lebo vizuri. Dawa nyingi zilizopangwa rafu ya dizeli ni za kusafisha nozo tu, au za kupandisha seteni (wepesi wa dizeli kuwaka). Unayotaka iseme waziwazi kwamba inaongeza ulainishaji na kulinda pampu, itaje kiasi cha kuchanganya kwa lita ngapi za dizeli, na kama gari lako ni la komoni reli (mfumo wa kisasa ambao nozo zote hulishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa), iseme inafaa kwa mfumo huo. Zenye alkoholi ya "kuyeyusha maji" usinunue. Zinayachanganya maji na dizeli yakapita kwenye filta, kisha yakafika kule kule ulikokuwa unayazuia yasifike.

Usilinganishe bei ya chupa kwa chupa. Gawanya bei kwa idadi ya lita za dizeli ambazo chupa inahudumia. Kichupa kidogo chenye dawa nzito mara nyingi ni nafuu kuliko galoni inayokupendeza macho.

3. Oili ya 2T, kwa pampu za zamani tu

Inafanya kazi kiasi gani? Kuna jaribio lililofanyika Marekani mwaka 2007 kwa kipimo kile cha kovu. Dizeli isiyo na kilainishi chochote ilitoa kovu la maikroni 636. Ilipotiwa oili ya 2T ya boti kwa uwiano wa 1 kwa 200, kovu lilishuka hadi 474. Hiyo ni nafuu ya kweli, na wanaosema ni porojo wanakosea. Lakini bado iko juu ya kikomo cha Ulaya, na dizeli iliyotumika haikuwa na kilainishi kabisa. Dizeli halali ya sheli, iliyokwisha kulainishwa, haina pengo kubwa hivyo la kuzibwa.

Ukiamua kuitumia, chagua iliyoandikwa JASO FC au FD (madaraja ya ubora ya Kijapani ya oili ya 2T), au TC-W3 ya mashine za boti. TC-W3 haiachi majivu, na FC na FD zina moshi mdogo. Ile ya kupimiwa kwenye kidumu, isiyo na lebo, usiiguse. Rangi isikudanganye: bluu, nyekundu na kijani ni rangi tu zilizotiwa kiwandani. Kipimo ni mililita 300 kwa tangi la lita 60, na 450 kwa lita 90. Mimina kwanza, kisha jaza dizeli ili vichanganyike. Kuzidisha hakuongezi ulinzi, kunaongeza moshi na masizi kwenye nozo.

Mwenye injini ya 1KD, 2KD, Mazda CX-5 ya dizeli au komoni reli yoyote, hapa pita. Kule shinikizo linazidi baa 1,000, mara nyingi kwa mbali, na nozo zake hazivumilii hata utando mwembamba wa uchafu. Kama gari lina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, majivu ya FC au FD yatabaki humo, maana hayaungui. Bei ya nozo moja ya komoni reli inatosha kununua kilainishi sahihi cha miaka.

4. Biodizeli

Katika jaribio lile lile, biodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea) ya soya asilimia 2 ilishinda zote: kovu la 221. Kwa ubora ingekuwa juu ya orodha. Nimeishusha kwa sababu huku kwetu si rahisi kuipata imetengenezwa kwa kiwango. Na tafadhali, mafuta ya kupikia si biodizeli. Ni mazito, yanaganda na kuacha gundi kwenye nozo.

5. Oili ya injini, ATF na oili chafu

Oili mpya ya injini na ATF (oili ya giaboksi za otomatiki) zina viambata visivyokusudiwa kuungua kwenye silinda. Oili chafu ina masizi na vumbi la chuma, ndicho kitu filta yako inapambana nacho kila siku. Kwenye jaribio la 2007 oili ya injini iliyokwisha kutumika ilitoa kovu la 634, yaani haikusaidia chochote.

Jambo la mwisho kabla hujatoa hela. Kama injini inawaka vizuri asubuhi, lakini ikishapata moto ukizima haiwaki tena, funika pampu kwa kitambaa chenye maji hadi ipoe, halafu jaribu tena. Ikiwaka, kichwa cha pampu na plunja vimeshalika, na dizeli inavuja ndani kwa ndani inapokuwa nyepesi kwa joto. Hapo usinunue chupa yoyote kati ya hizi. Peleka pampu kwa fundi mwenye benchi la kuipima.