Uzoefu wangu na mshauri wa mavazi ya vijana hapa Tabora

Nianze na bei, maana ndiyo swali la kwanza ninaloulizwa kila nikimtaja huyu dada. Kuja nyumbani, kufungua kabati na kuzungumza na kijana ni Sh 20,000. Kwenda naye sokoni ni Sh 15,000 nyingine, na bodaboda unalipa wewe. Nguo na fundi ni juu yako. Jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Yuko upande wa Kanyenye, anajiita stailisti, na wateja wake karibu wote ni wa rika moja: waliomaliza sekondari, walioko vyuoni na wanaozunguka na bahasha za kuombea kazi.

Mimi nilikuwa na wawili kwa mpigo. Wa kike alimaliza kidato cha nne Novemba, na mnajua hali ilivyo: kidato cha tano ni Julai, mtoto yuko nyumbani zaidi ya nusu mwaka, na kabatini ana sare, gauni la sikukuu ambalo sasa linaishia juu ya magoti, na fulana za bure za kampeni. Wa kiume yuko Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho watu wa umri wangu bado tunakiita Uhazili. Anasomea utunzaji wa kumbukumbu, na alikuwa anakwenda kufanya mazoezi kwa vitendo kwenye masijala ya ofisi moja ya serikali. Suruali zake zote modo, zile za kubana miguu.

Siku ya kwanza hakikununuliwa kitu. Dada alimwaga nguo zote za binti kitandani, akanigeukia: "Mama, samahani, naomba utuache kidogo na mdogo wangu, tukimaliza nitakuita." Nikatoka, nimenuna, nikaenda kuchambua mchele barazani. Lakini ukuta wetu ni mwembamba, nikasikia binti akimuuliza kitu ambacho mimi hajawahi kuniuliza: eti apake nini awe mweupe kidogo, kwa sababu nguo za njano zinamkataa. Dada hakucheka wala hakumhubiria. Alimwambia mkorogo haumo kwenye kazi yake, vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na vinaharibu ngozi kweli. Halafu akamtoa hadi dirishani, akamwekea kitambaa cha njano shingoni, kisha cha rangi ya haradali, ajione mwenyewe kwenye kioo. Kule kwenye taa ya chumbani alikuwa anaonekana amepauka. Kwenye mwanga wa jua, haradali ilimkaa. Yale maelezo mengine ya ngozi za joto na ngozi za baridi, binafsi naona yamezidi, ila hilo la dirishani nimelichukua.

Aliponiita nilikuta mafungu matatu: za kubaki, za kugawa na za fundi. La fundi ndilo lilikuwa kubwa. Lile gauni lilikatwa kiunoni likaongezwa kitenge chini, likawa sketi ndefu ya heshima; fundi alichukua Sh 4,000. Kwa hiyo nusu ya nguo nilizokuwa nimepanga kununua sikuzinunua.

Pesa yake hasa aliila kihalali sokoni, kwenye mitumba, alipokwenda na kaka mtu, nami nikafuatana nao. Shati analiangalia kwapani kwanza, analiinua lielekee jua. Kitambaa kilichochoka kinaonekana kama chandarua. Suruali anaigeuza ndani nje, anapapasa pindo na mshono wa nyuma kuona kama kuna kitambaa cha kuachia ikihitajika. Kisha anafumbata kitambaa ngumini kwa muda, anakiachia. Kikibaki na makunyanzi, anarudisha, kwa sababu kijana anayepanda bodaboda asubuhi atafika ofisini nguo zimejikunja kabla hata ya kuanza kazi.

Mwanangu alipenda koti la kijivu, Sh 8,000, kitambaa kizuri kabisa. Akamkatalia. "Kiuno fundi atakibana, mikono ataipunguza. Ila bega likishuka hivi, ni kufumua koti zima, na hiyo hela unapata jingine." Muuzaji akalalamika kwamba dada anamfukuzia wateja, huku anacheka, maana wanajuana, robota (furushi la mitumba) likifunguliwa muuzaji ndiye anayempigia dada simu mapema. Hapo nikashtuka kidogo. Nikamuuliza waziwazi kama wauzaji wanampa chochote. Akasema hapana. Sina namna ya kuhakikisha, ila vibanda vingi tuliondoka mikono mitupu, na mtu wa kamisheni hafanyi hivyo.

Tulirudi na kadeti mbili, mashati matatu ya pamba na moka nyeusi iliyohitaji soli tu. Modo hakumnyang'anya. Alimfungulia kwenye simu waraka wa serikali wa mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma, akampa asome mwenyewe, halafu akamuuliza: "Ungekuwa wewe ndiye mkuu wa masijala, mgeni wako ungependa aingie amevaaje?" Kijana akapanga mwenyewe: kadeti Jumatatu hadi Ijumaa, modo Jumamosi. Mimi nimepigana na zile suruali tangu kidato cha tatu.

Kasoro zipo. Kubwa ni kwamba alibandika picha ya binti yangu, kabla na baada, kwenye stetasi yake bila kuniuliza. Nilimpigia palepale. Aliitoa, akaomba radhi vizuri, na siku hizi nasikia ana karatasi ya mzazi kusaini kabla ya picha yoyote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na hata isingekuwepo, mtoto wa miaka 17 si bango la biashara ya mtu. Ukimwita, lisemeni hilo mwanzoni. Nyingine ni muda: akisema saa nne, wewe endelea na shughuli zako mpaka saa tano. Na vipimo vya wavulana hachukui yeye, anawapeleka kwa fundi wake, kwa hiyo kuna safari ya ziada.

Kwa sherehe ya siku moja, sendofu au bethidei, sioni sababu ya kumlipa. Mashangazi na saluni wanatosha. Anafaa pale kijana anapovuka, anaingia chuo, mazoezini au kwenye usaili, na wewe mzazi kila ukitoa neno kuhusu nguo linageuka ugomvi.

Mdogo wangu wa Nzega aliuliza kama anaweza kumhudumia mwanawe kwa simu ya video. Anafanya, Sh 10,000, lakini nilimshauri amlete mtoto kwa basi siku ambayo robota linafunguliwa, walale kwangu. Mkitaka kumpata, mtafuteni kabla ya saa mbili usiku. Baada ya hapo anazima simu mpaka asubuhi.