TAHADHARI: Meseji za "umeshinda" na ada zisizokwisha

Meseji yenyewe huwa hivi: "HONGERA! Namba yako imeibuka mshindi wa droo kuu. Kumb. Na. WN/7741. Piga sasa uongee na afisa malipo. Zawadi itafutwa baada ya saa 24. Kwa usalama wako USIMWAMBIE MTU."

Isome tena taratibu. Jina lako halimo, maana imetumwa kwa maelfu ya namba kwa mkupuo. Namba ya kumbukumbu imewekwa ili meseji inuke ofisi. Saa 24 ni za kukunyima nafasi ya kuuliza. Na hayo maneno ya mwisho ndiyo yenye sumu: mwanao au jirani angekuambia papo hapo kwamba hao ni matapeli, kwa hiyo wanakutenga naye mapema.

Jambo la kwanza, tiketi ulinunua? Asiyecheza hashindi. Ipo michezo halali inayochezwa kwa simu, na zipo promosheni za kweli, kwa hiyo si kila meseji ya ushindi ni ya wizi. Angalia pesa inaelekea wapi. Ushindi mdogo huingia wenyewe kwenye akaunti uliyochezea, na kwa ule mkubwa unaitwa ofisini ukiwa na kitambulisho. Kodi, kama ipo, hukatwa kwenye zawadi au unailipa mwenyewe kwa mamlaka ya mapato. Haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu.

Jina linaloonekana juu ya meseji lisikupe imani. Zipo huduma za kutuma meseji kwa wingi ambazo mtumaji huandika jina analotaka, na pale mtandao usipochuja, simu yako huipanga meseji kwa kufuata jina hilo tu. Ndiyo maana meseji ya tapeli huweza kukaa chini ya meseji halisi za benki yako, kwenye mazungumzo yaleyale, na mtu akaapa kabisa kwamba imetoka benki. Kiungo nacho kisome kuanzia mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, ukirudi kushoto: maneno mawili ya mwisho yanayotenganishwa na nukta, wakati mwingine matatu, ndiyo yanayomtaja mwenye tovuti. Jina kubwa lililotangulia mbele ni pambo. Alama ya kufuli inaonyesha kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, haisemi aliyeko upande wa pili ni nani. Hata mwizi anaweza kuwa na kufuli.

Ukipiga, utapokewa na mtu mpole asiye na haraka. Atakuuliza jina, namba ya kitambulisho, kisha ataingiza swali kama la pembeni tu: "Kwenye simu una salio kiasi gani? Mfumo haupeleki zawadi kwenye akaunti tupu." Hapo anapima mfuko wako. Ukimtajia, anakuongoza kubonyeza: fungua menyu ya pesa, chagua namba fulani, "ingiza namba ya usajili", "ingiza msimbo wa zawadi", malizia kwa namba yako ya siri. Hiyo menyu ni ya kutuma pesa. "Namba ya usajili" ni namba ya simu yao, na "msimbo wa zawadi" ni kiasi unachotuma. Umejiibia kwa mkono wako, na kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu muamala unaonekana wa hiari, jambo linalofanya kuurudisha kuwe kugumu.

Wengine hawana papara, wanatumia ngazi ya ada. Kwanza usajili, kiasi kidogo usichokionea uchungu. Ukilipa, inakuja kodi. Halafu bima ya kusafirisha fedha, halafu cheti cha kuthibitisha kwamba fedha si haramu. Kila ada kubwa kuliko iliyopita, na kila mara unaambiwa ni ya mwisho. Ukisema wakate kwenye zawadi, jibu lipo tayari: "Sheria hairuhusu kugusa fungu la mshindi." Watu hulipa hadi ada ya nne, ya tano, si kwa ujinga. Wanaogopa kwamba wakiacha, zile za mwanzo zimepotea. Zimeshapotea tangu siku ya kwanza.

Kuna mbinu mbili zisizogusa pesa moja kwa moja, na hizo ndizo wengi hawazijui. Moja, unaombwa umsomee tapeli tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako "kuthibitisha ushindi". Hizo mara nyingi ni za kufungulia WhatsApp yako kwenye simu yake, na dakika chache baadaye ndugu zako wataombwa mkopo kwa jina lako. Mbili, unaambiwa upige **21* ikifuatiwa na namba fulani na alama ya #. Hiyo, kwenye mitandao ya GSM, huelekeza simu zote zinazokupigia ziende kwake, zikiwemo zile za kukusomea msimbo wa uthibitisho kwa sauti. Piga *#21# uone kama simu zako zimeelekezwa kokote, na ##002# kufuta maelekezo yote.

Kama wameshakuliza, usipoteze muda kugombana nao. Pigia huduma kwa wateja ya mtandao au benki kwa namba unayoijua, si ile iliyo kwenye meseji. Wape namba ya muamala na uombe pesa izuiwe. Dakika zinahesabika, kwa sababu kwa kawaida hutolewa au kuhamishwa mara tu inapoingia. Badilisha namba ya siri. Kama ni WhatsApp, sajili upya namba yako kwa msimbo mpya na mwizi atatolewa. Ukiombwa PIN ya hatua mbili (namba ya siri ya ziada ya WhatsApp) ambayo hukuiweka wewe, ameiweka yeye, na itabidi usubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Ukisharudi, weka yako kwenye Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili.

Meseji usizifute hata kama zinakutia hasira. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, uende nazo polisi. Kama hukulipa chochote, usijibu hata kwa tusi. Jibu lolote linawaambia namba iko hai na mwenyewe anasoma.

Baada ya wiki kadhaa huenda ukapigiwa na "mpelelezi" au "wakili" anayejua kiasi ulichoibiwa na tarehe yake. Atasema pesa zako zimepatikana, zinasubiri ada ndogo ya kufungua jalada. Ni walewale, au wamemuuzia mwingine orodha ya waliolipa.